Tovuti bila bei ya leo ni duka lililofungwa

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mama lishe mwenye pilau tamu katika stendi ya Kahama maneno hayo yana ukweli, kwa sababu harufu ya chungu chake inamfikia kila anayeshuka kwenye basi. Lakini kwa mfanyabiashara wa mchele, dengu au vifaa vya uchimbaji aliyefungua tovuti mpya kwenye intaneti, methali hiyo imekuwa mtego. Tovuti haina harufu wala haina mtaa. Isipokuwepo sababu ya mtu kuifuata, itakaa mwaka mzima bila mgeni mwingine zaidi ya mwenyewe na fundi aliyeitengeneza.

Hali hiyo inajitokeza sasa katika ukanda wa Shinyanga na Geita, ambako vikundi vya wakulima, wenye mashine za kukoboa, wauza pembejeo na watoa huduma za migodini wameanza kutengeneza tovuti za biashara zao. Fundi anapewa fedha, picha zinapigwa, historia ya kampuni inaandikwa pamoja na maono na dhamira yake, kisha watu wanasubiri simu zilie. Simu hazilii.

Hasara yake si ndogo. Tuchukulie mfanyabiashara wa mchele wa Kahama ametumia shilingi 600,000 kutengeneza tovuti. Ikiwa faida yake ni shilingi 50 kwa kilo, itambidi auze kilo 12,000, yaani tani 12, ili tu kurudisha fedha hiyo. Huo ni mzigo wa magunia 120 ya kilo 100. Kama tovuti haikumletea hata mnunuzi mmoja, ni sawa na kupakia lori na kuliacha njiani.

Hasara ya pili ni ya mkulima. Mwezi Juni na Julai, mpunga unapokuwa umejaa majumbani na bei iko chini, mkulima wa Msalala au Nyang'hwale huuza kwa bei anayotajiwa na dalali aliyefika na pikipiki. Tovuti ambayo ingeweza kumwonyesha bei ya mjini siku hiyo ipo, lakini haina bei. Ina picha za machweo ya jua na maneno ya karibu sana.

Swali basi si namna ya kuipamba tovuti. Swali ni kwa nini mtu aifungue leo, na kwa nini airudie kesho.

Mgeni anayetafutwa ni nani?

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba mgeni wa tovuti ni kila mtu mwenye simu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu karibu milioni 3 katika Mkoa wa Geita na zaidi ya milioni 2.2 katika Mkoa wa Shinyanga. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zilionyesha laini zinazotumia intaneti nchini zilifikia takriban milioni 35.8 mwishoni mwa mwaka 2023. Mtu akisoma takwimu hizo kwa haraka anaweza kuona soko kubwa mlangoni kwake.

Hata hivyo, laini si mtu. Mtu mmoja anaweza kuwa na laini mbili au tatu za mitandao tofauti. Tena vijijini wengi bado wanatumia simu za kitochi, ambazo hupokea ujumbe mfupi na kutuma fedha lakini hazifungui tovuti yenye picha nyingi. Hata mwenye simu janja hununua kifurushi kidogo na kukilinda kama chumvi ya akiba. Ukurasa unaokula kifurushi chake kwa ajili ya picha ya ofisi hataurudia.

Kwa sababu hiyo, mwenye tovuti anapaswa kutenganisha makundi mawili. Kundi la kwanza ni mkulima na mchuuzi wa jirani. Huyu hatafika kwenye tovuti kwa wingi. Habari ya tovuti ndiyo itakayomfikia yeye, kwa redio, kwa ujumbe mfupi au kwa mdomo wa mtu anayemwamini.

Kundi la pili ni mnunuzi wa mbali. Yuko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Kigali. Ana kompyuta au simu nzuri, anataka tani 30 za mchele, hamjui mtu Kahama, na anaogopa kudanganywa. Huyu ndiye anayeingia Google usiku na kuandika anachotaka. Mnunuzi mmoja wa aina hiyo ana thamani kuliko wageni 1,000 waliopita kwa bahati mbaya.

Vivyo hivyo kwa migodi. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinaitaka migodi itoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Mfugaji wa kuku wa Geita au mkulima wa mbogamboga wa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, ana sababu ya kutaka aonekane na ofisi za manunuzi na na wazabuni wakubwa wanaolisha kambi. Lakini ofisi ya manunuzi haitafuti machweo ya jua. Inataka kujua ana trei ngapi za mayai kwa wiki, ana leseni, na anapatikana kwa namba ipi.

Dhahabu ina bei ya siku, mpunga je?

Ukanda huu una mfano mzuri wa habari ambayo watu huifuata wenyewe bila kubembelezwa: bei ya dhahabu.

Huko London, bei rejea ya dhahabu hutangazwa mara mbili kila siku ya kazi, asubuhi na alasiri. Machi 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua soko la madini la Geita, la kwanza katika mfululizo wa masoko ya aina hiyo nchini. Tangu hapo mchimbaji mdogo anayetoka Nyarugusu au Rwamgasa ana mahali pa kupeleka dhahabu yake ikapimwa uzito na usafi, na akalipwa kwa bei inayofungamana na soko la dunia. Tume ya Madini nayo hutoa bei elekezi.

Matokeo yake ni kwamba mchimbaji ambaye hajawahi kusoma historia ya kampuni yoyote kwenye mtandao atauliza bei ya leo kabla hajanywa chai. Akiwa na simu janja atatafuta mwenyewe. Asipokuwa nayo atamuuliza mwenzake. Hakuna aliyemfanyia tangazo. Anaifuata habari hiyo kwa sababu mambo matatu yamekutana: inabadilika kila siku, inagusa mfuko wake, na ina mwenyewe anayeisimamia.

Mambo hayo matatu yanaeleza pia kwa nini baadhi ya tovuti za Tanzania zina wageni wengi ingawa hazina urembo wowote. Mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya TANePS, hutembelewa kwa sababu zabuni za Serikali ziko humo. Anayetaka zabuni hana njia nyingine. Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) nalo lilipata wafuatiliaji wapya mwaka 2024, pale korosho, ufuta, mbaazi, dengu na choroko zilipouzwa kwa minada ya kielektroniki. Mkulima wa dengu wa Kishapu aliyepeleka mzigo ghalani ana haja ya kujua mnada umefunga kwa shilingi ngapi.

Sasa mpunga. Mchele wa Kahama na Shinyanga unafahamika mbali, na lori la mchele likitoka Kahama lina njia kuelekea Dar es Salaam kupitia Isaka, kuelekea Rwanda na Burundi, au kuelekea Geita na Mwanza. Daraja la JP Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa wanaotoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita. Lakini bei ya mpunga shambani, bei ya mchele mashineni na bei sokoni mjini, kwa siku moja na kwa kipimo kimoja, ni nani anayeiandika kila asubuhi mahali ambapo kila mtu anaweza kuiona?

Hapo ndipo penye nafasi. Mwenye tovuti mpya atakayeandika bei hizo tatu kila siku ya soko, bila kukosa, atakuwa na kitu ambacho mshindani mwenye picha nzuri hana.

Somo la shushushu

Wazo hili si geni nchini. Mwaka 2005 ulianza mradi uliojulikana kama First Mile, chini ya programu ya kuendeleza mifumo ya masoko ya mazao iliyofadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD), kwa msaada wa Uswisi. Mradi huo ulifanya kazi katika wilaya za kaskazini na nyanda za juu kusini. Ulitumia intaneti na simu za mkononi kuwaunganisha wakulima na masoko.

Kilichokumbukwa zaidi si kompyuta zake. Ni watu walioitwa mashushushu wa soko. Hawa walikuwa watu wa vikundi vya wakulima wenyewe waliokwenda sokoni, wakachungulia bei, wakazungumza na wanunuzi, kisha wakapeleka habari nyumbani kwa simu. Mtandao ulisaidia wilaya moja kuifahamisha nyingine. Lakini bila shushushu kusimama sokoni, mtandao usingekuwa na cha kusema.

Jirani kabisa na Geita kuna mfano mwingine. Kituo cha mawasiliano cha jamii cha Sengerema kilianzishwa mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na mashirika ya kimataifa yakiwemo ITU, UNESCO na IDRC. Wakati huo intaneti ilikuwa jambo la mijini. Sengerema haikuweka kompyuta peke yake na kusubiri watu. Kituo kilichanganya intaneti, mafunzo ya kompyuta, huduma za ofisi na redio ya jamii. Aliyefika kwa shida moja alikutana na huduma nyingine, na asiyeweza kufika alisikia kwa redio.

Nje ya Afrika, kampuni ya ITC ya India ilianza mwaka 2000 mpango ulioitwa e-Choupal kwa wakulima wa soya katika jimbo la Madhya Pradesh. Kompyuta iliwekwa nyumbani kwa mkulima mmoja wa kijiji aliyeaminika. Majirani walikuja kwake kuuliza bei ya soko na bei ambayo kampuni ingelipa, kisha kila mmoja akachagua pa kuuzia. Utafiti wa mchumi Aparajita Goyal uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba kuwepo kwa vituo hivyo kulipandisha bei ya soya kwa wastani wa asilimia 1 hadi 3, hata kwa waliouza katika masoko ya kawaida, kwa sababu wanunuzi walijua mkulima ana pa kukimbilia.

Mifano yote mitatu inasema jambo moja. Tovuti ni kioo tu. Lazima pawepo mtu anayesimama mbele yake akiwa na habari mkononi, na mtu mwingine anayeipeleka habari hiyo kwa wasiokiona kioo. Mwenye tovuti mpya mwenye bajeti ya shilingi 600,000 angefanya vyema kutenga sehemu ya fedha hizo kwa kijana wa kuzunguka sokoni, badala ya kuzimaliza zote kwa fundi.

Mnunuzi wa mbali anatafuta nini?

Bei zikishapatikana, hatua inayofuata ni kuhakikisha mnunuzi wa mbali anazikuta. Wengi hudhani Google huorodhesha tovuti kwa kulipwa au kwa kujuana. Sivyo inavyofanya kazi.

Google ina programu zinazopita kwenye kurasa za dunia nzima, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, kisha kuhifadhi maneno zinayoyakuta. Mtu anapoandika maneno ya kutafuta, mtambo hulinganisha maneno hayo na kurasa zilizohifadhiwa na kupanga zile zinazoonekana kujibu vizuri zaidi. Tovuti mpya ambayo hakuna tovuti nyingine iliyoitaja ni kama nyumba isiyo na njia. Inaweza kuchukua siku au wiki kadhaa kabla haijaonekana. Mwenyewe anaweza kuharakisha kwa kuitambulisha bila malipo kupitia huduma ya Google kwa wenye tovuti, na kwa kusajili biashara yake, pia bila malipo, ionekane kwenye ramani pamoja na namba ya simu na saa za kazi.

Jambo la pili ni maneno. Mfanyabiashara hupenda kuandika jina la kampuni yake kwa herufi kubwa juu ya kila ukurasa. Mnunuzi wa Kigali hajui jina hilo. Yeye ataandika "bei ya mchele Kahama" au "mchele wa supa Shinyanga jumla". Ukurasa wenye kichwa cha habari "Bei ya mchele Kahama leo" na tarehe chini yake unajibu swali hilo moja kwa moja. Ukurasa wenye kichwa "Karibu" haujibu swali la mtu yeyote.

Kuna na suala la majina ya mahali. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Bukombe, ambayo kabla ya hapo ilikuwa Shinyanga, sasa iko Geita. Mnunuzi mwenye kumbukumbu za zamani anaweza kutafuta kwa jina la mkoa wa awali. Sentensi moja inayoeleza mahali biashara ilipo, wilaya, mkoa na barabara inayopita hapo, humsaidia mgeni na mtambo kwa pamoja.

Jambo la tatu ni lugha. Wanunuzi wa Kenya, Uganda mashariki mwa Kongo na Rwanda wapo wanaotafuta kwa Kiswahili na wapo wanaotafuta kwa Kiingereza au Kifaransa. Si lazima tovuti nzima itafsiriwe. Ukurasa mmoja mfupi wa bei na namba ya simu kwa lugha ya pili unatosha kuanzia.

Jambo la nne ni wepesi. Picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kuwekwa. Jaribio rahisi ni kufungua tovuti hiyo kwa simu ya bei nafuu, mahali ambapo mtandao ni hafifu. Bei ya siku isipoonekana haraka, mgeni wa kweli amekwishaondoka.

Wenye tovuti wajihadhari pia na wauza wageni. Wapo watu kwenye intaneti wanaoahidi kuleta wageni 10,000 kwa malipo kidogo. Mara nyingi wageni hao ni programu za kompyuta zinazofungua kurasa, si watu wenye fedha za kununua mchele. Kununua viungo ili kuidanganya Google ni kinyume cha kanuni zake, na tovuti inayokamatwa inaweza kushushwa au kuondolewa kwenye matokeo. Aidha, Google imeeleza kwamba kulipia matangazo yake hakupandishi nafasi ya tovuti katika matokeo ya kawaida. Tangazo la kulipia hufanya kazi siku lilipolipiwa, basi.

Viungo halali hupatikana kwa njia ya kawaida ya ujirani. Halmashauri, chama cha ushirika, muuza mbegu, kampuni ya usafirishaji au kituo cha redio chenye tovuti kinaweza kuombwa kitaje ukurasa wa bei kwa sababu unawafaa wasikilizaji au wanachama wake. Tovuti yenye bei za kweli ina cha kuomba. Yenye maono na dhamira peke yake haina.

Kutoka kwenye kioo hadi kijijini

Kwa mkulima na mchuuzi wa jirani, njia ni nyingine. Redio bado inafika pale ambapo kifurushi hakifiki. Radio Faraja ya Shinyanga na Radio Free Africa ya Mwanza ni miongoni mwa vituo vinavyosikika katika maeneo haya. Kijana wa sokoni anayekusanya bei kila asubuhi ana habari ambayo kipindi cha kilimo kinaihitaji. Akiipeleka redioni bila malipo, naye akaomba itajwe imetoka wapi, amepata tangazo ambalo fedha yake isingelinunua.

Makundi ya WhatsApp ni mlango mwingine. Kosa linalofanyika ni kutuma anuani ya tovuti peke yake kila siku hadi wanakikundi wakachoka. Inafaa zaidi kuandika bei tatu ndani ya ujumbe wenyewe, na kuweka kiungo kwa anayetaka kuona bei za wiki zilizopita. Mgeni atakayekuja kwa njia hiyo amekuja akijua anachotafuta.

Kwa wenye simu za kitochi, ubao wa matangazo kwenye ofisi ya chama cha msingi cha ushirika au kwenye mashine ya kukoboa unatosha. Mwenye mashine akiandika kwa chaki bei iliyotolewa na tovuti, tovuti hiyo imepata wasomaji ambao hakuna kompyuta itakayowahesabu, lakini mzigo wao utafika.

Uaminifu na sheria

Ukanda wa dhahabu una tatizo la ziada. Mtandao umejaa matapeli wanaojidai kuuza dhahabu ya Afrika kwa bei ya kutupa, na wageni wengi wa nje wameibiwa fedha kwa njia hiyo. Kwa sheria za nchi, anayefanya biashara ya madini lazima awe na leseni. Mnunuzi makini anapoona jina la Geita kwenye tovuti asiyoifahamu huanza kwa kushuku, hata kama kinachouzwa ni alizeti.

Dawa ya shaka hiyo ni uwazi. Tovuti ionyeshe mtaa biashara ilipo, usajili wake, leseni yake na namba ya simu inayopokelewa. Bei ziandikwe kwa kilo, si kwa gunia. Gunia la rumbesa limewaumiza wakulima kwa miaka mingi, na bei ya gunia isiyotaja uzito haina maana kwa mnunuzi aliye mbali. Tarehe iwekwe kila mahali. Bei ya Machi ikikutwa mwezi Septemba, mgeni ataamini mwenye duka amekufa.

Aidha, kuna mipaka ya kuheshimu. Mazao yanayouzwa kwa stakabadhi ghalani na mnada, kama dengu na choroko pale utaratibu huo unapotumika, yasitangazwe kwenye tovuti ili kuwavuta wanunuzi wa pembeni. Kwa mazao hayo, kazi ya tovuti ni kutoa matokeo ya mnada na kuyaeleza kwa lugha ya mkulima. Pamba nayo ina utaratibu wake chini ya Bodi ya Pamba. Mpunga na mahindi ndiyo uwanja mpana wa kushindanisha bei.

Anayekusanya majina na namba za simu za wakulima ili awatumie ujumbe akumbuke Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye tume husika, awaeleze sababu, na asizigawe ovyo. Orodha ya namba za wakulima si mali ya kumuuzia dalali. Na anayetaka kuigeuza tovuti ya bei kuwa chombo cha habari za siasa na matukio atahitaji leseni ya TCRA.

Hesabu isiyodanganya

Mwisho wa mwezi, mafundi hupenda kuonyesha idadi ya kurasa zilizofunguliwa. Idadi hiyo inaweza kupanda bila senti kuingia. Mgeni mmoja akifungua kurasa 10 si wageni 10, na mwenye tovuti akiifungua mwenyewe kila saa anajihesabu.

Hesabu yenye manufaa ni fupi na inaweza kuandikwa kwenye daftari. Ni wangapi waliopiga simu? Wangapi kati yao walisema waliona bei kwenye tovuti? Wangapi walinunua, na kilo ngapi? Tuchukulie katika mwezi mmoja wageni 200 wamefungua ukurasa wa bei, 8 wakapiga simu, na 2 wakanunua tani 3 kila mmoja. Kwa faida ileile ya shilingi 50 kwa kilo, hiyo ni shilingi 300,000. Miezi miwili ya namna hiyo inarudisha gharama yote ya tovuti. Mwingine mwenye wageni 5,000 na simu sifuri bado ana deni.

Daftari hilo litaonyesha pia maswali ambayo wapigaji wanayarudia. Wakiuliza kila mara gharama ya lori hadi Rusumo, hilo liwe ukurasa mpya. Wakiuliza kama mchele umepangwa madaraja, hilo nalo liandikwe. Tovuti inayokua kwa kujibu maswali ya wateja huvuta wageni wapya wenye maswali yaleyale.

Mji wa Kahama haukukua kwa sababu ya vibao vya kukaribisha wageni. Ulikua kwa sababu uko njia panda, na kila anayepita ana shughuli ya kumsimamisha. Tovuti mpya nayo inahitaji shughuli ya kumsimamisha mpita njia. Kwa mwenye mchele wa kuuza, shughuli hiyo inaanza saa 12 asubuhi sokoni, mkononi mwa kijana mwenye kalamu na daftari, kabla kompyuta haijawashwa.